Sura ya 4: Nyuma Huamua Umbo, Mbele Huamua Ukali

Kamera ya fomati kubwa inayokunjika na kubebeka ni fremu mbili zilizounganishwa na mvukuto. Fremu ya mbele hubeba lenzi. Fremu ya nyuma hubeba kioo cha ukungu ambacho mpigapicha hutazamia taswira, na wakati wa kupiga ukifika, kibeba filamu huchomekwa mbele ya kioo hicho. Filamu yenyewe hupakiwa karatasi moja moja, ya inchi 4 kwa 5 au kubwa zaidi. Katika kamera ya kawaida, lenzi na filamu hutoka kiwandani zikiwa sambamba na hubaki hivyo maisha yao yote. Hapa fremu hizo mbili ziko huru. Unaweza kupandisha lenzi, kuishusha, kuisogeza kushoto au kulia, kuiinamisha mbele au nyuma, na kuigeuza uso wake upande. Fremu ya nyuma nayo hufanya baadhi ya hayo, kwa kadiri kamera ilivyoundwa.

Uhuru huo huwachosha wanaoanza. Wanaonyeshwa vizungushio vingi kwa mkupuo, kila kimoja na jina lake, bila kuambiwa kipi hutangulia na kwa nini. Matokeo yake huvigusa vyote, na kila wanaporekebisha hiki wanaharibu kile. Sura hii inashikilia kanuni moja, nami naiamini kuliko kanuni nyingine yoyote ya kazi hii: fremu ya nyuma huamua umbo la vitu katika picha, fremu ya mbele huamua mahali ukali utakapolala, na tundu la lenzi huamua ukali huo uwe mnene kiasi gani. Zifuate kwa mpangilio huo huo, na kila hatua itailinda iliyotangulia.

Kuanzia sifuri

Simamisha tripodi, na kama uko ufukweni kandamiza miguu yake mpaka iache kuzama. Fungua kamera na urudishe kila mjongeo kwenye alama yake ya sifuri, kisha weka pimamaji juu ya fremu ya nyuma. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, ambao kwa lenzi nyingi za aina hii ni f/5.6, ujifunike kitambaa na usubiri. Kitambaa kizuri ni cheusi ndani na cheupe nje, maana jua la pwani halina huruma na kitambaa cheusi pande zote hugeuka tanuri. Macho yakizoea giza, taswira itajitokeza kwenye kioo: kichwa chini, miguu juu, kushoto kumekuwa kulia. Mwanzoni jambo hili husumbua. Baadaye husaidia, kwa sababu jicho huacha kutambua nyumba na watu, likaanza kuona mistari, uzito na nafasi.

Hapo ndipo unapochagua mahali pa kusimama. Hakuna mjongeo unaoweza kubadilisha jinsi kilicho karibu kinavyokifunika kilicho mbali. Uhusiano huo huamuliwa na miguu ya tripodi. Ukishatulia mahali pako, anza na umbo.

Umbo: kazi ya fremu ya nyuma

Chukua mfano wa jengo la zamani la zahanati pale Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan. Uzuri wake uko juu, kwenye roshani za mbao zilizochongwa, na mpigapicha hana nafasi ya kurudi nyuma apendavyo kwa sababu bahari iko mgongoni. Mwenye kamera ya kawaida huiinua kamera itazame juu. Jengo hapo huonekana linaanguka kinyumenyume, kuta zake zikikaribiana kadiri zinavyopanda. Chanzo ni filamu kulala pamoja na kamera. Mistari ya wima hubaki sambamba katika picha pale tu filamu inaposimama wima.

Kwa hiyo fremu ya nyuma inabaki wima, kama pimamaji inavyotaka, na lenzi ndiyo inayopanda. Tufanye hesabu. Una lenzi ya milimita 150, umesimama mita 20 kutoka ukutani, na lenzi iko mita 1.5 juu ya ardhi. Filamu ya inchi 4 kwa 5 iliyosimamishwa kwa picha ya wima ina urefu wa taswira wa takriban milimita 120. Kamera ikiwa sifuri, picha itafika kimo cha mita 9.5 hivi, na sehemu kubwa ya chini italiwa na barabara. Pandisha lenzi milimita 30 tu, na kimo kinafika mita 13.5. Kila milimita uliyoipandisha imekupa sentimita 13 za jengo, na hakuna ukuta hata mmoja uliopinda.

Mpaka wa kupandisha huwekwa na duara la taswira. Kila lenzi humwaga mwanga kwa duara, na filamu lazima ikae ndani ya duara hilo. Mshazari wa filamu ya inchi 4 kwa 5 ni kama milimita 154. Lenzi ya Symmar-S ya milimita 150, ambayo bado inapatikana sana kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, humwaga duara la milimita 210 ikifungwa hadi f/22. Tofauti hiyo ndiyo nafasi yako ya kuchezea: kama milimita 33 za kupandisha kwa picha ya wima, na 38 kwa picha ya mlalo. Ukivuka hapo, pembe za picha huingia giza.

Kamera nyingi zinazokunjika hazina nafasi kubwa ya kupandisha lenzi, lakini njia ya kuzunguka ipo. Elekeza kamera nzima juu, kisha inamisha fremu ya nyuma hadi pimamaji iseme iko wima, na fremu ya mbele uifanye sambamba nayo. Fremu zote mbili sasa ziko wima, na lenzi imepanda juu ya filamu kuliko ambavyo kizungushio chake kingeruhusu.

Kuna wakati unataka umbo libadilike. Ukivuta ukingo wa juu wa fremu ya nyuma kuelekea kwako, vitu vya karibu huongezeka ukubwa. Kwa kuwa taswira imepinduliwa, ardhi ya mbele iko juu ya kioo, na sasa sehemu hiyo ya kioo iko mbali zaidi na lenzi. Jiwe lililo miguuni pako litajaa mbele ya picha huku milima ikibaki kama ilivyo. Wapigapicha wengi wa mandhari wanaupenda uwezo huu, nao ni halali kabisa mradi uutumie kwa kukusudia. Anayeinamisha fremu ya nyuma kwa ajili ya fokasi peke yake hushangaa baadaye kuona mawe yamevimba na miti imetanuka.

Ukali: kazi ya fremu ya mbele

Lenzi haifanyi vitu viwe vikali kwa ujumla wake. Huchagua bapa moja angani, na kilicho juu ya bapa hilo ndicho kikali kweli. Vingine vyote huonekana vikali kwa sababu tu ukungu wao ni mdogo kiasi cha jicho kuusamehe. Lenzi ikiwa sambamba na filamu, bapa hilo nalo husimama sambamba nazo, na kufokasi ni kulisogeza mbele au nyuma. Ukali hukata mandhari kwa wima, hata kama mandhari yenyewe imelala.

Mandhari nyingi zimelala. Nenda Paje, mashariki ya Unguja, maji yakiwa yametoka. Mbele yako kuna mashamba ya mwani, vigingi na kamba zikiwa zimepangwa mistari, na mbali kidogo ngalawa zimepumzika mchangani. Umesimamisha kamera kwa picha ya wima, lenzi ya milimita 150 iko mita 1.5 juu ya ardhi, na umeishusha milimita 15 ili ukingo wa chini wa picha uanzie mita 3 mbele yako. Ili kigingi kilicho mita 3 kiwe kikali, lenzi inapaswa kuwa karibu milimita 158 kutoka kwenye filamu. Ili upeo wa macho uwe mkali, inapaswa kuwa milimita 150. Kati ya hapo kuna milimita 8. Kuzifunika kwa kufunga tundu peke yake kutakulazimisha kwenda kati ya f/45 na f/64, mwanga utakuwa haba, na upepo utazichezea kamba zako kwa muda wote shata itakapokuwa wazi.

Dawa yake ni kulilaza bapa la ukali juu ya ardhi kama jamvi. Elimu ya namna ya kulilaza inahusishwa na Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki mwaka 1911. Scheimpflug alitaka kuchora ramani kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani. Picha hizo zilitoka zimepinda, kwa kuwa kamera iliyoning'inia hewani haitazami chini kwa unyoofu, na alihitaji mashine ya kuzinyoosha bila kupoteza ukali. Katika hati yake ya umiliki ya Uingereza ya mwaka 1904 alieleza sharti ambalo leo lina jina lake, ingawa Mfaransa Jules Carpentier alikuwa amelitumia katika hati ya mwaka 1901 kuhusu mashine ya kukuzia picha. Sharti lenyewe ni hili: bapa la filamu, bapa la lenzi na bapa la ukali, yakirefushwa, hukutana kwenye mstari mmoja. Ukiinamisha lenzi, bapa lake halisafiri tena sambamba na filamu. Litakutana nayo mahali fulani, na bapa la ukali halina budi kupita hapo hapo.

Sharti hilo halimwambii mpigapicha ainamishe kwa kiasi gani. Harold Merklinger, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu kufokasi kamera hizi, aliweka mkazo kwenye mstari wa pili, ambao unaitwa mstari wa bawaba. Bapa la ukali huzunguka kwenye mstari huo kila unapokizungusha kizungushio cha fokasi. Umbali wa kutoka lenzi hadi bawaba, ukipimwa sambamba na filamu, ni urefu wa fokasi ya lenzi ugawanywe kwa saini ya pembe ya mwinamo. Pale Paje unataka bawaba iwe ardhini, mita 1.5 chini ya lenzi. Milimita 150 kwa 1,500 ni sehemu moja ya kumi, na pembe yenye saini ya 0.1 ni nyuzi 5.7. Ni mwinamo mdogo mno, ambao mtu anayepita karibu na kamera yako asingeuona. Wanaoanza huinamisha nyuzi 15 au 20 na kushangaa kwa nini hakuna kinachokaa sawa. Kwa mandhari ya kawaida, kazi yote iko ndani ya nyuzi 8 za kwanza.

Namna ya kuinamisha

Hesabu hukupa mahali pa kuanzia. Kioo ndicho kinachohukumu. Chagua vitu viwili vilivyo juu ya bapa unalolitaka, kimoja karibu na kingine mbali. Fokasi kile cha mbali kwa kioo cha kukuzia kinachokuza mara 4 hadi 6. Inamisha lenzi mbele kidogo, fokasi tena cha mbali, halafu tazama cha karibu. Kama cha karibu kinataka lenzi isogee mbele zaidi kutoka kwenye filamu, mwinamo haujatosha. Kama kinataka lenzi irudi nyuma, umezidisha. Rekebisha kidogo, rudia, na baada ya mizunguko michache vitu vyote viwili vitakuwa vikali kwa pamoja bila kugusa fokasi.

Chunguza pia kamera yako huinamia wapi. Lenzi inayoinamia katikati yake hubaki karibu na mahali pake. Lenzi inayoinamia kwenye kitako cha fremu husogea mbele kila unapoiinamisha, kwa hiyo fokasi ya mbali hupotea na lazima uirudishe kila mara. Fremu ya nyuma inayoinamia kwenye kitako ni rahisi zaidi, kwa sababu vitu vya mbali viko chini ya kioo, karibu na bawaba ya fremu: fokasi mbali, kisha inamisha hadi karibu pawe pakali. Urahisi huo una bei, nayo ni badiliko la umbo tulilolieleza.

Kugeuza uso wa lenzi kushoto au kulia ni kazi ile ile, iliyolazwa ubavu. Ukipiga picha ya ukuta mrefu unaokimbia kutoka karibu na bega lako hadi mwisho wa mtaa, geuza lenzi kidogo kuelekea ukutani, na bapa la ukali litaufuata ukuta kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho.

Kabari ya ukali

Lenzi ikiinama, eneo linaloonekana kali hubadilika sura. Linakuwa kabari: nyembamba mno kwenye bawaba chini ya kamera, na pana zaidi kadiri unavyokwenda mbali. Kwa mfano wetu wa Paje, ukifunga tundu hadi f/22, ukali unaoridhisha utafika takriban mita 1.5 juu ya ardhi kwa kitu kilicho mita 10 mbele, na mita 6 kwa kitu kilicho mita 40. Ngalawa ya mbali yenye mlingoti wa mita 5 imo ndani. Mnazi mrefu ulio mita 10 kutoka kwenye kamera utakuwa na shina kali na makuti ya ukungu, na hakuna mwinamo utakaouokoa. Hapo bora urudishe lenzi sifuri na utegemee tundu, au uhamishe tripodi.

Nusu ya kabari iko chini ya ardhi, ambako hakuna cha kupiga picha. Kwa hiyo usililaze bapa juu ya mchanga kabisa. Mwinamo ukishakaa sawa, zungusha fokasi kidogo ili bapa lipande, lipite katikati ya kimo cha ngalawa za mbali. Ukali uliokuwa ukipotea mchangani sasa unafanya kazi juu.

Tundu huja mwisho

Bandika rula ndogo ya milimita kwenye kitanda cha kamera. Mijongeo yote ikikamilika, fokasi kitu kinachotaka lenzi iwe mbele zaidi, soma rula. Fokasi kinachotaka lenzi iwe nyuma zaidi, soma tena. Iweke lenzi katikati ya alama hizo mbili. Tofauti yake ndiyo hukuchagulia tundu. Mwaka 1996 mwanafizikia wa Marekani Paul Hansma alionyesha namna ya kusawazisha mambo mawili yanayovutana: tundu likiwa kubwa, vitu vilivyo nje ya bapa huwa na ukungu; likiwa dogo kupita kiasi, mwanga wenyewe hutawanyika na picha nzima hulegea. Kwa filamu ya inchi 4 kwa 5, tofauti ya milimita 1 hutaka tundu kati ya f/16 na f/22. Milimita 2 hutaka kati ya f/22 na f/32, na milimita 4 kati ya f/32 na f/45.

Rudi sasa kwenye mwani. Kabla ya kuinamisha, tofauti ilikuwa milimita 8. Baada ya kuinamisha, kilichobaki ni pengo kati ya mchanga na ncha ya mlingoti wa mbali, yaani karibu milimita 2. Tundu linafunguka kwa stopu mbili, mwanga unaongezeka mara 4, na picha iliyohitaji sekunde nzima inamalizika kwa robo sekunde. Ndiyo maana nasisitiza tundu lisubiri zamu yake. Wapigapicha wa California walioanzisha kundi la f/64 mwaka 1932, wakiwemo Ansel Adams, Edward Weston na Imogen Cunningham, walijiita kwa jina la tundu dogo. Kwa Weston, ambaye kwa kazi yake ya filamu za inchi 8 kwa 10 alichapa picha kwa kugusanisha filamu na karatasi bila kuikuza, tundu dogo namna hiyo halikuwa na hasara inayoonekana. Wewe utakayeikuza filamu ya inchi 4 kwa 5 utaiona hasara hiyo.

Kabla ya kuingiza filamu

Funga tundu hadi namba uliyoichagua, kisha tazama kupitia pembe za kioo cha ukungu, ambazo vioo vingi vimekatwa kwa kusudi hili. Kama unaliona tundu la lenzi likiwa kamili, mwanga unafika pembeni. Kama limekatwa upande mmoja, duara la taswira limekwisha au mvukuto umekunjamana na kuziba njia. Punguza mjongeo au uinue mkunjo.

Pima urefu wa mvukuto ikiwa umefokasi kitu cha karibu. Gawanya umbali wa lenzi hadi filamu kwa urefu wa fokasi, halafu zidisha jibu kwa jibu lenyewe. Lenzi ya milimita 150 ikiwa milimita 210 kutoka kwenye filamu inahitaji mwanga mara 2, yaani stopu moja zaidi. Ikifika milimita 300, ambapo kitu na taswira yake vina ukubwa sawa, inahitaji mara 4. Kisha kaza kila komeo, maana kuchomeka kibeba filamu kunaweza kuisukuma fremu ya nyuma, na milimita moja inatosha kuharibu yote uliyoyafanya.

Picha ikishasafishwa, kanuni tuliyoanza nayo itakusaidia kuisoma. Kuta zikiegemeana au mawe yakivimba, tafuta kosa kwenye fremu ya nyuma. Kama ukali umeangukia pasipotakiwa, mchanga ukiwa mkali na milingoti ina ukungu, tazama mwinamo wa lenzi na fokasi yake. Kama bapa liko mahali pake lakini ukali ni mwembamba, tundu lilikuwa kubwa. Pembe za picha zikiwa na giza, duara lilikwisha. Kila kosa lina mahali pake pa kurekebishwa, na mpigapicha anayelijua hilo hugusa kizungushio kimoja, akaviacha vingine vyote kama vilivyo.